Waliokutwa na dawa kwenye kipimo cha siri, majina yamwagwe?

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia jambo moja, michezo na vipimo vya dawa, na nani ana haki ya kutaja jina la mtu. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu zile zingine zinasimama juu yake.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi ni Mtanzania naishi huku Lowell, Massachusetts, na besiboli nimejifunza kwa lazima maana kazini kwetu ikifika Aprili hakuna stori nyingine zaidi ya Red Sox, timu ya Boston. Juzi tumebishana mpaka break ikaisha kuhusu ile listi ya 2003 ya wachezaji waliokutwa na dawa za kusisimua misuli. Mi nasema itolewe yote, majina yote, kwa sababu yaliyovuja ni machache tu, hao wametukanwa mpaka leo, na wale wengine wamestaafu na mihela yao hakuna anayewagusa. Kuna mzee mmoja wa Dominican pale kazini yeye anasema siri ni siri. Nani yuko sahihi hapo?
*Msomaji, Lowell*

JIBU: Ndugu yangu, mzee yuko sahihi. Hoja yako naielewa na ina uzito, haipendezi kuona wachache wanabeba mzigo wa wengi, ila ukiangalia hiyo listi ilivyopatikana utaona kwamba kuitoa yote hakurekebishi chochote, kunaongeza tu idadi ya waliotendewa vibaya.

Wasomaji wa huku nyumbani wengi hawaifahamu hii stori kwa hiyo wacha niipitie. Mwaka 2002 ligi kuu ya besiboli Marekani, MLB, na chama cha wachezaji walikubaliana kwamba msimu wa 2003 wachezaji wote wapimwe mkojo, lakini kwa siri kabisa, bila adhabu na bila majina kutoka. Lengo lilikuwa kujua tatizo ni kubwa kiasi gani. Wakasema ikizidi asilimia 5 ya vipimo vikikutwa na dawa, basi kuanzia 2004 vinaanza vipimo vya kweli vyenye adhabu. Wachezaji kama 1,200 wakatoa mkojo kwa makubaliano hayo. Novemba 2003 ligi ikatangaza kwamba imekuwa kati ya asilimia 5 na 7, mstari umevukwa, vipimo vya kweli vikaanza. Yaani ule mpango ulifanya kazi yake, na hii watu huwa wanaisahau. Mwaka 2005 ukikutwa mara ya kwanza unafungiwa siku 10 na jina linatangazwa, 2006 ikawa mechi 50, na tangu 2014 ni mechi 80. Yote hayo yalianzia kwenye kile kipimo cha siri, na bila ahadi ya siri chama cha wachezaji kisingekubali hata tone moja litoke, walikuwa wamepinga vipimo miaka nenda rudi.

Sasa listi ilitakiwa iharibiwe. Haikuharibiwa. Matokeo ya mwisho yalifika kwa chama katikati ya Novemba, na kabla hawajamaliza kuyateketeza ikafika amri kutoka kwa waendesha mashitaka wa serikali, wanaotaka nyaraka za vipimo, maana walikuwa wanachunguza ile kampuni ya BALCO ya California iliyokuwa inawauzia wanamichezo dawa. Ukishapokea amri kama hiyo ukiharibu nyaraka ni kosa la jinai. Aprili 2004 maafisa wakaenda kupekua kwenye kampuni iliyosimamia vipimo na kwenye maabara iliyopima, na sikiliza hapa, kibali chao kilikuwa cha wachezaji 10 tu waliohusishwa na BALCO. Wakakuta faili la kompyuta lenye wachezaji wote. Wakaondoka nalo lote.

Chama kikaenda mahakamani na kesi ikazunguka miaka. Agosti 2009 mahakama ya rufaa ya huko magharibi, jopo kubwa la majaji, ikasema serikali ilivuka mipaka na haikuwa na haki ya kushika matokeo ya wale wengine, na 2010 ikatoa hukumu iliyorekebishwa lakini msimamo ukabaki uleule. Tatizo, kufikia hapo maji yameshamwagika. Februari 2009 jina la Alex Rodriguez lilishatoka, Juni Sammy Sosa, Julai David Ortiz na Manny Ramirez, wote kupitia vyombo vya habari vilivyopewa na watu ambao hawakutajwa, watu ambao kwa vyovyote walikuwa wanavunja amri ya mahakama. Kwa hiyo unaponiambia listi itolewe yote, unachoomba ni kumalizia kazi waliyoianza hao watu.

Najua utaniambia mbona Rodriguez alikiri. Ndiyo, alikiri siku mbili tu baada ya jina kutoka, akasema alitumia 2001 mpaka 2003 alipokuwa Texas. Na baadaye akaja kufungiwa msimu mzima wa 2014 kwa sakata lingine kabisa. Kwenye huyo ukweli ulijulikana kwa sababu ya kuvuja, siwezi kuficha hilo, na mashabiki walikuwa wanastahili kujua. Lakini chukua Ortiz, huyo wa kwenu Red Sox. Agosti 2009 alikaa mbele ya waandishi akasema hajawahi kununua wala kutumia steroidi, akasema hakuwa makini na virutubisho na vitamini alivyokuwa ananunua dukani, na kwamba hajaambiwa alikutwa na nini. Hebu fikiria hiyo, unashitakiwa dunia nzima na hujui dawa gani. Hapohapo ligi na chama wakaeleza kwamba ile listi ya serikali ina majina 104 wakati vipimo vilivyoonyesha dawa haviwezi kuzidi 96, na katika hivyo 13 vilikuwa na utata. Utata huo haukumalizwa kwa sababu asilimia 5 ilishavukwa hata ukiviondoa, na kwa kuwa hakuna mtu anayeadhibiwa hakukuwa na haja ya kurudia. Halafu 2003 kulikuwa na virutubisho vilivyouzwa dukani kihalali kabisa ambavyo vinaweza kuleta jibu la kuwa na dawa. Mwaka 2016 mkuu wa ligi mwenyewe, Rob Manfred, akasema hadharani kwamba matokeo zaidi ya kumi yalikuwa na maswali ya kisayansi na inawezekana kabisa Ortiz hakukutwa na kitu.

Kwa hiyo hiyo listi unayotaka itolewe ina watu waliotumia, ina watu ambao labda hawakutumia, na hakuna njia iliyobaki ya kuwatenganisha. Hakuna aliyepewa nafasi ya kupinga.

Na kuna upande mwingine ambao watu wa "tutoe yote" huwa hawaufikirii. Mnasema itasaidia wale wasafi, waonekane wasafi. Haitawasaidia. Kipimo cha 2003 cha mkojo hakikuweza kuona homoni ya ukuaji, na ile dawa ya BALCO iliyotengenezwa makusudi isionekane, THG, wakati vile vipimo vinafanyika maabara hazikuwa zinaitafuta. Barry Bonds, staa mwingine wa besiboli, hakukutwa na kitu kwenye kipimo cha ligi mwaka huohuo, serikali ilipoichukua sampuli yake na kuipima upya ndo wakaikuta THG. Sasa ukiitoa listi leo, Bonds kwa kipimo kile cha kwanza anatoka msafi, na mchezaji fulani wa kawaida aliyemeza unga wa dukani anatoka mchafu. Huo ndo ukweli tunaoutaka?

Kitu kinachoniuma zaidi ni kilichofuata. Sosa na Ortiz walitajwa wiki chache tofauti, na gazeti lilelile, kutoka listi ileile, kwa kipimo kilekile. Ortiz 2022 akaingia jumba la heshima Cooperstown mwaka wake wa kwanza tu kupigiwa kura, asilimia 77.9, na kusema kweli alistahili kwa alichokifanya uwanjani na alivyowasimamia watu wa Boston baada ya bomu la marathoni 2013. Sosa, mwenye homurani 609 (mipigo inayovuka uzio wa uwanja), siku hiyohiyo akaondolewa kwenye karatasi ya kura akiwa na asilimia 18.5, na timu yake ya Cubs ya Chicago ilikuwa imemtenga miaka mingi mpaka alipoomba msamaha Desemba 2024 ndo wakamkaribisha. Najua tofauti zao ni nyingi, lakini hakuna jaji aliyekaa akapima ushahidi wa hawa wawili. Adhabu ilitegemea nani anapendwa. Ukimwaga majina mengine tisini na kitu itakuwa hivyohivyo, mwenye mashabiki atasamehewa na asiye nao atazikwa.

Mwambie mzee salamu zangu.

SWALI: Mhariri hujambo. Mimi ni mkimbiaji hapa Iten, sijakuwa na jina kubwa bado lakini nakimbia road race za Ulaya kidogo kidogo. Kuna mwenzetu wa camp, kwa group ya WhatsApp watu walianza kusema ameshikwa na pufya, na yeye alikuwa hata hajapata barua yoyote. Meneja akasikia, akamtoa kwa race mbili. Sai ako nyumbani tu anangoja. Nataka kujua, wako na ruhusa ya kutaja jina ya mtu kabla kesi haijaisha? Na mimi nikishikwa kwa bahati mbaya nifanye nini?
*Mkimbiaji, Iten*

JIBU: Pole sana kwa mwenzenu, na pole kwa kambi nzima maana najua jambo la hivi likiingia kwenye kambi kila mtu anaanza kumwangalia mwenzake vibaya.

Hali yenu ni tofauti na ya wale wa besiboli. Nyie hamkuahidiwa siri ya milele. Mnapoingia kwenye riadha ya dunia mnakubali sheria za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, na sheria hizo zinasema jina litatangazwa, suala ni lini na nani anatangaza. Mkojo wako unagawanywa chupa mbili, A na B. Ya A ikionyesha kitu unapata barua wewe kwanza, na una haki ya kudai ya B ifunguliwe, na una haki ya kujieleza. Kwa dawa nzito kama EPO, ile ya kuongeza damu, unasimamishwa moja kwa moja wakati kesi inaendelea, na AIU, kile kitengo cha maadili cha riadha ya dunia, kikikusimamisha kinaweka jina lako kwenye orodha yake hadharani. Kesi ikiisha na ukakutwa na hatia, tangazo linatakiwa litoke ndani ya siku 20. Kwa watoto, na kwa watu wanaokimbia kwa kujifurahisha tu, kutangaza si lazima.

Kwa hiyo AIU au ADAK, wakala wa Kenya wa kupambana na dawa michezoni, wakitangaza baada ya kukuarifu, hiyo ni sheria. Group ya WhatsApp haina ruhusa hiyo, afisa anayemnong'oneza rafiki yake hana ruhusa hiyo, na meneja anayemtoa mtu kwenye mbio kwa sababu ya tetesi anamwadhibu mtu ambaye hajashitakiwa. Angalia ya Ruth Chepng'etich, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake ya 2:09:56 kule Chicago. Sampuli ilichukuliwa Machi 2025, akaarifiwa Aprili, akakubali mwenyewe kusimama, na umma ukatangaziwa Julai, wakati AIU walishamhoji na kufanya uchunguzi wao. Oktoba akafungiwa miaka mitatu. Watu wengi walilalamika kwa nini ilifichwa miezi mitatu ile. Mi sioni kilichofichwa hapo, mtu hakuwa anakimbia, hakuna aliyekuwa anaibiwa ushindi, na wachunguzi walikuwa wanafanya kazi bila kelele. Ilivyotoka ilitoka na kiasi kilichokutwa na dawa yenyewe ikitajwa kwa jina.

Linganisha na Asbel Kiprop. Mei 2018 jina lake lilianza kutoka kwenye magazeti kabla AIU hawajathibitisha, na kwa sababu ilianza kwa kuvuja kila mtu akawa na toleo lake. Ikaja kujulikana kwamba kweli maafisa wa kuchukua sampuli walimwambia mapema kwamba wanakuja, kitu kilichokatazwa kabisa, AIU wenyewe walikiri. Mwisho jopo likasema hiyo haielezi EPO ilifikaje kwenye mkojo na akafungiwa miaka minne. Lakini kuna watu mpaka leo hapo Iten na Eldoret wanaamini alichezewa, na ule uvujaji umechangia sana hilo, ulimchafua yeye na ukachafua hata hukumu iliyomtia hatiani.

Swali lako la mwisho. Weka kila risiti ya dawa na virutubisho, piga picha ya boksi na namba yake, na ukienda hospitali waambie mapema wewe ni mwanariadha unayepimwa. Ferdinand Omanyala 2017 alikutwa na betamethasone iliyotokana na sindano ya maumivu ya mgongo, akakaa nje miezi 14. Alirudi, na Septemba 2021 pale Kasarani akakimbia mita 100 kwa 9.77, rekodi ya Afrika. Sababu iliyomfanya akutwe na dawa ilijulikana, jina lilitoka pamoja na maelezo yake, na watu waliweza kumpokea tena. Barua ikikufikia usiandike chochote kwa group, tafuta mwanasheria, na uangalie tarehe za kujibu maana zikipita zimepita. Na huyo mwenzenu mpigieni simu, msimwache kimya.

SWALI: Shikamoo kaka. Mimi ni mwandishi wa michezo Dar, nina mwaka wa pili kazini. Kuna mtu amenitumia picha ya karatasi inayoonekana ni ya maabara, ina jina la mwanamichezo mkubwa, na dawa imeandikwa. Mhariri wangu anataka twende nayo kesho yake, anasema tukichelewa wengine watatoa. Moyo wangu unasita. Ungekuwa wewe ungefanyaje?
*Mwandishi, Dar es Salaam*

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huo moyo unaosita usiuzime.

Anza na kujua karatasi iko hatua gani. Ni ya chupa A peke yake? Mhusika ameshaarifiwa? Ana kibali cha matibabu? Hiki cha tatu kinasahaulika sana. Septemba 2016 wadukuzi wanaojiita Fancy Bears waliingia kwenye kompyuta za WADA wakamwaga taarifa za wanamichezo, na kati yao alikuwemo Simone Biles, mwanajimnastiki wa Marekani, ikabidi binti wa watu aeleze dunia nzima kwamba ana ADHD, tatizo la kukosa umakini na utulivu, na anatumia dawa tangu mdogo, kwa kibali, kihalali. Hakukuwa na kosa lolote pale, kulikuwa na ugonjwa wa mtu umeanikwa.

Pili, namba bila mtaalamu zinadanganya. Chris Froome wa baiskeli, matokeo yake ya Septemba 2017 yalikuwa na dawa ya pumu mara mbili ya kiwango, ikavuja Desemba, na yalitakiwa yawe siri kwa sheria ya wakati ule kwa sababu ile ni dawa inayoruhusiwa mpaka kiwango fulani. Miezi sita na zaidi watu wanamzomea, halafu Julai 2018 kesi ikafungwa, hana kosa. Na Paula Radcliffe, mkimbiaji wa marathoni wa Uingereza, mwaka 2015 zilivuja takwimu za vipimo vya damu kama 12,000 vya wanariadha wapatao 5,000, televisheni ya ARD ya Ujerumani na gazeti la Sunday Times ya Uingereza wakazifanyia kazi na wataalamu na hawakumwaga majina yote, lakini bungeni Uingereza mbunge akatamka maneno ambayo yalimfanya kila mtu amjue ni nani, ikabidi ajitokeze mwenyewe. Novemba IAAF, shirikisho la riadha la dunia la wakati ule, wakasema waliomshuku walisoma vibaya takwimu ambazo hata hazikukamilika.

Sasa usinielewe kwamba nasema mwandishi anyamaze. Kuna siri ambayo ukiiacha unashiriki uovu. Liliya Shobukhova wa Urusi, aliyeshinda marathoni ya Chicago mara tatu mfululizo 2009 mpaka 2011 na London 2010, alilipa euro 450,000 ili matokeo yake mabaya yazimwe, na pesa ilienda kwa watu waliotakiwa kuyashughulikia. Bila waandishi wa ARD mwaka 2014 tusingejua. Lamine Diack, aliyekuwa rais wa IAAF, mtu mkubwa sana Afrika, Septemba 2020 mahakama ya Paris ikamkuta na hatia ya rushwa kwenye hilohilo. Wakimbiaji wetu walikuwa wanapangwa mstari mmoja na watu ambao matokeo yao yamenunuliwa! Hapo mwandishi anapiga kengele na jina anataja, kwa sababu habari yenyewe ni wanaoficha, na huwezi kueleza walioficha bila kueleza walificha nini.

Katikati kuna kesi ngumu. Waogeleaji 23 wa China walikutwa na trimetazidine, dawa ya moyo iliyokatazwa michezoni, Januari 2021, wakuu wao wakasema ilitoka jikoni mwa hoteli, WADA ikakubali, hakuna aliyetangaza, wengine wakaenda Olimpiki ya Tokyo wakachukua medali. New York Times na ARD wakalitoa Aprili 2024. Mchunguzi, Eric Cottier wa Uswisi, akasema uamuzi wa WADA ulikuwa na mantiki. Inawezekana kweli ilitoka jikoni. Lakini waliomaliza nyuma yao walikuwa na haki ya kujua kwamba kuna uamuzi umefanyika, na mimi ningeichapisha, kwa sababu pale tayari mlango ulishafungwa, hakuna kesi inayoendelea ambayo ningeiharibu, na waliokaa kimya ni taasisi.

Kwa hiyo mdogo wangu jiulize karatasi yako inamlinda nani ikibaki siri. Ikiwa inamlinda mwanamichezo mpaka asikilizwe, iache, fuatilia, na uwe tayari siku tangazo likitoka uandike kwa undani kuliko wote. Ikiwa kuna afisa anaikalia kwa faida yake, chimba hilo, na aliyekutumia umuulize anafaidika na nini. Mhariri wako anaogopa kupitwa, hofu hiyo naijua vizuri, lakini kupitwa kwa siku moja hakuna madhara na kumtaja mtu kimakosa hakufutiki. Hata Marekani ambako uhuru wa habari ni mkubwa, wakili mmoja wa kesi ya BALCO aliyewavujishia waandishi ushahidi wa siri alipata miaka miwili na nusu jela mwaka 2007. Kwa hiyo linda chanzo chako, na mwambie mhariri karatasi ya kutumiwa kwenye simu bila uthibitisho haitoshi.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mzazi, binti yangu anakimbia na anafanya vizuri. Nimesoma magazeti yenu na naona mnaongea sana haki za waliotumia dawa, faragha yao, familia zao. Binti yangu anaamka saa kumi alfajiri na hajawahi kugusa chochote. Yeye nani anamtetea?
*Mzazi, Mbulu*

JIBU: Mzee wangu, hasira yako ni ya haki na sitajaribu kuipoza.

Anayekimbia safi anaibiwa, na anaibiwa kitu ambacho hakirudi. Mwaka 2014 Buzunesh Deba wa Ethiopia alimaliza wa pili marathoni ya Boston. Wa kwanza alikuwa Rita Jeptoo wa Kenya, ambaye baadaye alikutwa na EPO kwenye sampuli ya mwaka huo na matokeo yake ya Boston yakafutwa. Deba akawa mshindi, kwenye karatasi. Kwenye utepe wa kumalizia hayupo, wimbo wa taifa lake haukupigwa, na pesa yake ya ushindi alikuwa bado anaidai mpaka mwaka 2024. Miaka kumi! Umri wa mkimbiaji umekwisha.

Lakini angalia Deba alichokosa. Jina la Jeptoo lilitangazwa, dunia nzima ililijua, na halikumsaidia Deba hata senti. Alichokuwa anahitaji ni uamuzi wa haraka na mtu wa kumlipa. Kuna watu wanadhani tukitaja majina mengi na mapema wasafi watakuwa wamelindwa, mi naona tunawapa kelele wakati wanadai zawadi zao. Na kuna jambo lingine ambalo kama mzazi nataka ulifikirie kwa utulivu, binti yako naye anapimwa. Siku moja kopo la dawa ya mafua au unga wa protini wenye uchafu unaweza kumfikisha kwenye karatasi, na siku hiyo utataka kila mtu akae kimya mpaka chupa ya pili ifunguliwe na yeye asikilizwe. Ulinzi huo hauwezi kuwepo kwa ajili yake tu.

Nikikuelewa vizuri, unataka kujua ufanye nini. Mkataba wake na meneja uwe na kifungu kinachosema kwamba akipandishwa nafasi baada ya mtu kufutiwa matokeo, meneja anawajibika kudai tofauti ya zawadi na bonasi zote, na asilimia ya meneja hailipwi mpaka pesa ipatikane. Kabla hajathibitisha kushiriki mbio, waulize waandaaji kwa maandishi zawadi inalipwa baada ya muda gani, kwa sababu mbio nyingi kubwa huwa zinashikilia pesa mpaka vipimo virudi, na uulize wanafanya nini mshindi akifutwa baada ya pesa kutoka. Tunza matokeo rasmi ya kila mbio aliyokimbia, na majina ya waliomtangulia. Kila baada ya miezi michache fungueni tovuti ya AIU muipitie orodha ya waliofungiwa, na mkiona mmoja wa waliomtangulia yumo na tarehe ya kufutwa inaigusa mbio yenu, andikeni barua kwa waandaaji wiki hiyohiyo na nakala kwa shirikisho la riadha.